Benzi kuukuu: safari ya kutoka spana hadi programu



Leo tuache kidogo mambo ya tovuti na simu, tuangalie kompyuta nyingine ambayo wengi hawaihesabu kama kompyuta: ile iliyoegeshwa nje.

Bila shaka umewahi kuona tangazo la namna hii. Mercedes S-Class au BMW ya daraja la juu, ya mwaka 2002 hivi, viti vya ngozi, rangi bado inang'aa, na bei inayokaribia ile ya Vitz. Moyo unaruka. Kabla hujapiga simu, rafiki anakwambia, "Achana nayo hiyo, itakumaliza." Wakati huo huo kuna mzee mtaani anayeendesha Benzi ya 1984, anaenda nayo kanisani na sokoni, na hakuna anayemhurumia.

Inakuwaje gari lililo kuukuu zaidi liwe rahisi zaidi kulimiliki? Jibu liko katika historia. Kati ya mwaka 1978 na 2002 hivi, gari la kifahari la Ulaya liliacha kuwa mashine yenye waya chache, likawa mtandao wa kompyuta wenye magurudumu. Anayetaka kununua gari la namna hii lazima kwanza ajue liko upande gani wa mstari huo. Nitatumia Mercedes kama mfano kwa sababu ndiyo tunayoifahamu zaidi hapa kwetu, lakini hadithi ya BMW na Audi haiko mbali.

Kabila jipya

Gari hili lina historia ndefu Afrika Mashariki. Katika mbio za magari ambazo baadaye zilijulikana kama Safari Rally, Mercedes ilishinda miaka mitatu mfululizo. Mwaka 1959 na 1960 Bill Fritschy alishinda akiendesha Mercedes 219, na mwaka 1961 John Manussis akashinda na 220SE. Haya hayakuwa magari marefu ya porini. Yalikuwa magari ya kawaida ya milango minne, ya mtu mwenye uwezo, kwenye matope na vumbi letu. Sifa ya kwamba Benzi haifi ilianzia huko.

Baada ya uhuru likaja neno Wabenzi. Kiswahili kilichukua jina la gari, kikalivika kiambishi cha watu, na papo hapo tukapata kabila jipya: Wakamba, Wagiriama, Wajaluo, Wabenzi. Lilikuwa neno la kejeli kwa wakubwa waliojinufaisha, na likaenea mbali nje ya mipaka yetu.

Kejeli hiyo iliingia hata kwenye bajeti. Juni 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza kwamba mawaziri na makatibu wa kudumu watumie gari moja lenye injini isiyozidi cc 1,800. Serikali ikanunua Volkswagen Passat. Watu waliongea sana juu ya ukubwa wa injini, lakini kuna jambo lililopita bila kuonwa. Passat hiyo ndogo ilikuwa na kompyuta nyingi kuliko Benzi kubwa za miaka ya 1980. Hata breki yake ya mkono ilikuwa kitufe. Kushuka hadhi barabarani hakukumaanisha kurudi kwenye gari rahisi.

Enzi ya spana

Tuanze na gari ambalo makanika wetu wengi walijifunzia kazi: ile tunayoitambua kwa namba W123. Ilitoka mwaka 1976, ikaendelea kutengenezwa hadi 1986, na jumla yake ikafika takriban milioni 2.7.

Chukua ile ya dizeli, 240D au 300D. Unahitaji betri kuiwasha. Lakini ikishawaka, injini yenyewe haihitaji umeme ili iendelee kunguruma, kwa sababu pampu ya mafuta inazungushwa na injini na kila kitu ndani yake ni chuma kinachosukuma chuma. Hata ukizima kwa ufunguo, kinachoizima si waya. Ni nguvu ya kuvuta hewa (ombwe) inayopita kwenye vipira vyembamba hadi kwenye pampu. Kufuli za milango pia zilifanya kazi kwa ombwe hilo hilo.

Kwa lugha yetu ya programu, mfumo huu ulikuwa wazi. Tatizo lilionekana kwa macho, lilisikika kwa sikio, au lilinuka. Fundi alihitaji spana, uzoefu na subira. Spea ikikosekana, kipande kilichongwa, kikachomelewa, au kikatolewa kwenye gari lililokufa.

Mfano mkubwa wa maisha haya haukutoka kwetu. Dereva mmoja wa teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, alipeleka 240D yake ya mwaka 1976 kwa jumba la makumbusho la Mercedes mwaka 2004, ikiwa imetembea kilomita milioni 4.6. Hii ilikuwa ni kaka mkubwa wa W123. Usidhani injini moja ilifanya kazi hiyo yote. Injini zilibadilishwa mara kadhaa. Funzo ni kwamba gari halikudumu kwa sababu haliharibiki. Lilidumu kwa sababu kila kilichoharibika kiliweza kubadilishwa.

Kompyuta zaingia moja moja

Mwaka 1978 kampuni ya Bosch pamoja na Mercedes waliweka kwenye S-Class breki za ABS zinazoongozwa na kompyuta ya kidijitali. Sensa zilipima mwendo wa magurudumu, na gurudumu likitaka kujifunga, kompyuta ikaachia breki kidogo na kukamata tena, mara nyingi kwa sekunde. Mwaka 1981 ukafuata mfuko wa hewa wa kumkinga dereva. Vifaa hivi viliokoa maisha, na hakuna anayetaka turudi nyuma ya hapo.

Halafu mwishoni mwa 1984 ikaja W124, ambayo kwangu ndiyo Benzi iliyoandikwa vizuri kuliko zote, kama tukiichukulia kuwa programu. Zaidi ya milioni 2.5 zilitengenezwa. Nyingi za petroli zilitumia mfumo wa mafuta uitwao KE-Jetronic. Msingi wake ni wa chuma: hewa inasukuma sahani, sahani inafungua njia ya mafuta. Juu ya msingi huo Bosch waliongeza kompyuta ndogo ya kurekebisha kipimo. Sasa sikiliza uzuri wake: kompyuta ikifa, msingi wa chuma unaendelea. Gari linakunywa zaidi na linakohoa kidogo, lakini linakufikisha nyumbani.

Kila mwandishi wa programu anajua thamani ya jambo hili. Mfumo mzuri ukipoteza sehemu moja hauanguki wote. Unapunguza huduma tu. Wahandisi wa wakati huo bado hawakuiamini kompyuta kikamilifu, na kutoamini kwao ndiko kunakomfaidi mnunuzi wa leo.

Hata hivyo W124 za mwisho zina doa. Magari ya Mercedes ya katikati ya miaka ya 1990, takriban 1992 hadi 1996, yalitumia nyaya za injini ambazo ngozi yake ya nje hukauka kwa joto na kupukutika kama ganda la njugu. Waya mtupu ukigusana na mwenzake, injini inatetemeka, kompyuta inapata habari za uongo, na wakati mwingine inaungua. Watu wamebadilisha plagi, sensa na hata injini nzima wakitafuta ugonjwa uliokuwa kwenye ganda la waya.

Magari yapata mtandao wao

Kadiri kompyuta zilivyoongezeka, nyaya zikawa nyingi mno. Kila swichi ilitaka waya wake, kila sensa waya wake. Mwaka 1983 Bosch walianza kutafuta dawa, na Februari 1986 wakaitangaza Detroit, Marekani: itifaki iitwayo CAN. Nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, na kompyuta zote zinaning'inia hapo kama nguo kwenye kamba. Kasi yake ilifika biti milioni moja kwa sekunde.

Jinsi inavyofanya kazi inapendeza. Ni kama baraza. Yeyote mwenye habari anaitangaza kwa wote, na anayeihitaji anaichukua. Kila ujumbe una namba, na namba ndogo ndiyo yenye cheo. Wawili wakianza kusema kwa wakati mmoja, mwenye cheo cha chini ananyamaza mwenyewe na kungoja zamu, bila ujumbe wa mkubwa kuharibika. Lakini baraza hili halikuulizana vitambulisho. Ujumbe hausemi umetoka kwa nani, nao walisikiliza tu.

S-Class ya mwaka 1991, W140, ndiyo hutajwa kuwa gari la kwanza la kuuzwa kwa umma lililotumia CAN kuunganisha kompyuta zake. Hapo ndipo pana mstari wetu. Kabla yake, kitu kikiharibika kiliharibika peke yake. Baada yake, ugonjwa wa mmoja unaweza kuwa kelele kwa wote. Maji yakipenya kwenye kisanduku cha umeme ndani ya buti, taa zinaweza kuwaka zenyewe, kufuli zikakataa, na betri ikafa usiku, huku kila kifaa ukikipima peke yake ni kizima.

Programu yashika breki

S-Class iliyofuata, W220, ilitoka mwaka 1998 ikiwa na springi za hewa badala ya chuma. Ukikaa ndani unaelea. Lakini springi ya chuma ikizeeka inalegea tu, ilhali springi ya hewa ikitoboka gari linalala chini kama ngamia, na pampu yake inajiua ikijaribu kulinyanyua.

Kilele kilifika na E-Class ya mwaka 2002, W211, iliyokuja na breki ziitwazo SBC. Katika gari la kawaida mguu wako unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma breki. Katika SBC mguu wako unatuma ombi. Kompyuta inalisoma, inaamua shinikizo la kila gurudumu, na pampu ya umeme inatekeleza. Njia ya dharura ya mafuta ilibaki, lakini mguu unapaswa kusukuma kwa nguvu nyingi zaidi.

Mei 2004 Mercedes iliita magari 680,000 yarudi kukaguliwa breki hizo. Machi 2005 ikaita tena milioni 1.3 kwa sababu za breki na matatizo mengine ya umeme. Mwaka 2006 E-Class ilipofanyiwa marekebisho, SBC ikaondolewa kimya kimya.

Kuna jambo kuhusu SBC ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua. Kifaa chake kinahesabu mara ulizokanyaga breki. Hesabu ikifika kikomo kilichowekwa na mtengenezaji, onyo linawaka, hata kama breki bado zinakamata vizuri. Yaani uhai wa kipande cha gari umeandikwa kama namba kwenye kumbukumbu. Na madereva wa mjini, kwenye foleni ya kukanyaga na kuachia, wanaimaliza namba hiyo upesi kuliko wa barabara kuu.

Nani ana ruhusa ya kusoma?

Kompyuta zikijaa ndani ya gari, swali linakuwa nani anaweza kuongea nazo. Marekani ililazimisha kuanzia magari ya 1996 yawe na plagi moja ya kawaida ya kusoma makosa, OBD-II. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Kabla ya hapo Mercedes ilikuwa na plagi yake ya duara yenye matundu 38, chini ya boneti.

Halafu kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics, ikatengeneza chipu ya ELM327 inayotafsiri lugha za magari kwa kompyuta ya kawaida. Programu ya toleo lake la kwanza haikufungwa dhidi ya kunakiliwa, na wanakili hawakulala. Ndiyo maana leo vifaa vya bei rahisi vya kusoma makosa vimejaa kila soko, ingawa Elm yenyewe ilifunga duka mwaka 2022.

Lakini usidanganyike na kidude hicho. Sheria ililenga moshi, kwa hiyo kinachosomeka kwa uhakika ni mambo ya injini. Springi za hewa, SBC, mifuko ya hewa na kufuli viko nyuma ya programu ya mtengenezaji. Zaidi ya hayo, vifaa vingi vya magari ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea havikubali kuhamishwa tu kutoka gari moja hadi jingine. Vimefungwa na gari lake. Ule ujuzi wa Grogan wa kutoa kipande kwenye gari lililokufa ukampa lililo hai unagonga ukuta hapo, si kwa sababu fundi hajui kazi, bali kwa sababu hana programu.

Basi hii ndiyo siri ya bei kuanguka. Gari lilipokuwa jipya lilikuwa la tajiri, na spea zake zilipangiwa bei ya tajiri. Gari limeshuka bei. Spea na programu hazikushuka nalo. Ukinunua S-Class kwa bei ya Vitz, unaitunza kwa bei ya S-Class.

Kabla hujalipa

Hapa Kenya haturuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane wala lenye usukani wa kushoto. Kwa hiyo gari kuukuu la kifahari utakalolikuta ama liliuzwa hapa likiwa jipya, ama liliingia kama mtumba kutoka Uingereza au Japani na kuzeekea hapa. Ya Japani mara nyingi husema Kijapani kwenye skrini, na redio yake haipandi hadi mwisho wa masafa yetu. Mambo ya kufanya:

1. Soma namba ya chasisi. Katika Benzi nyingi za Ulaya inaanza na WDB, kisha tarakimu tatu za familia: 123, 124, 140, 220, 211. Tarakimu ya kumi ikiwa 2, lilizaliwa na usukani wa kulia. Namba ya usajili haitoshi. Gari la 2002 lililoingia 2009 lina namba ya KB. Linganisha chasisi na rekodi za NTSA kupitia eCitizen.

2. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa za onyo ziwake, kisha zizime baada ya injini kuwaka. Taa ya ABS au ya mfuko wa hewa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka daima. Huenda mtu ameinyamazisha.

3. Kwa gari la 1998 na kuendelea, tafuta gereji yenye programu kamili ya aina hiyo na usome moduli zote. Lipa gharama hiyo hata kama hutanunua. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

4. Lenye springi za hewa, lione asubuhi kabla halijawashwa. Kona iliyolala chini ina habari zake.

5. La 1992 hadi 1996, bonyeza nyaya za injini taratibu kwa vidole. Zikipukutika, piga hesabu ya seti nzima.

6. Kwa W211 ya kabla ya 2006, uliza SBC ilibadilishwa lini na uone risiti.

7. Tafuta fundi kabla ya kutafuta gari. Kama hakuna mtu wa kuliponya mjini kwenu, gari hilo si lako hata kama logbuku ina jina lako.

Ukiniuliza mimi, anayetaka raha bila presha atafute W123 au W124 ya kabla ya 1992, akague kutu, aendeshe kwa utulivu. Anayetaka W220 aichukue kama anavyochukua seva: na bajeti ya kila mwezi, si bei ya ununuzi peke yake.

Na tusiishie kwenye magari ya zamani. Kuanzia 2018 baadhi ya watengenezaji wameanza kufunga hata ile plagi ya kawaida kwa mlango wa ulinzi unaohitaji idhini yao. Wana sababu: baraza lile lisiloulizana vitambulisho lilikuwa hatari kwa wadukuzi. Lakini kufuli ileile inamzuia makanika. Jimbo la Massachusetts, Marekani, wapiga kura waliunga mkono haki ya kutengeneza gari mwaka 2012, na tena 2020. Sisi tunaopokea magari yakiwa na miaka saba au minane tuna sababu kubwa kuliko wao ya kudai haki hiyo, kwa maana gari linapofika Mombasa dhamana imeisha na mtengenezaji ameshalisahau.

Mzee wa Benzi ya 1984 hamiliki gari tu. Anamiliki pia ruhusa ya kulifungua. Unapolinganisha bei za magari, mwulize muuzaji kama unapewa na hiyo.

 Mwenye Benzi au BMW kuukuu, tuambie ni ya mwaka gani na nani anaitibu.